Yaya wa Kifuu

Mtoto wa nne wa Kidawa alizaliwa Baleni alfajiri ya Ijumaa, na jua lilipochomoza alikuwa amekwisha tupwa jaani. Alitupwa kwa adabu zote. Mkunga, Bi Mwanaharusi, alitandika kwanza jani la mgomba juu ya makumbi na majivu ya jana, akamlaza mtoto hapo akiwa amefungwa kipande cha kaniki kuukuu, kisha akarudi nyuma kidogo na kutangaza, kwa sauti iliyofika nyumba za jirani, kwamba kitu hiki hakina maana, anayekitaka akiokote.

Aliyekiokota alikuwa Bi Sihaba. Alikuwa amejibanza nyuma ya banda la kuku tangu kungali giza, maana aliambiwa awahi, na Bi Sihaba hakuwa mtu wa kuchelewa. Alitokeza akajitia anapita njia, akatupa jicho jaani, akauliza kifuu kile ni cha nani. Akajibiwa kuwa si cha mtu. Basi akatoa kibaba cha mtama alichokificha ndani ya leso, akakiacha pale pale penye majivu, akambeba mtoto akaenda naye kwake. Tangu hapo mtoto akaitwa Kifuu, na akawa wa Bi Sihaba.

Kwa watu wa Baleni wa enzi ile ya Mdachi hapakuwa na la ajabu katika hayo. Mwanamke akizika watoto mfululizo, hujulikana kwamba kinachowachukua kimekwisha kuizoea nyumba, na dawa yake ni kukihadaa. Mtoto hutupwa, hununuliwa na mtu mwingine, hupewa jina la kitu cha kutupwa, na kwa juma zima mama yake hamwiti mwanangu wala hamkodolei macho. Akifika siku ya saba yu hai, mnunuzi humrudisha jaani, humtia ila mbele ya watu, na hapo ndipo mama humwokota akawa wake. Mwalimu Muhidini wa msikitini alisema hayo hayamo katika kitabu chochote alichosoma, kisha akaenda nyumbani kwa mnunuzi, akamwadhinia mtoto, akanywa uji, akaondoka. Yeye mwenyewe alikuwa na kaka aliyeitwa Majaani, kwa hiyo hakukemea sana.

Kidawa alikuwa amezika watatu, na hakuna hata mmoja aliyeiona siku ya saba. Wote walianza vizuri. Walinyonya siku mbili tatu kama watoto wa watu, halafu joto likapanda, midomo ikakataa ziwa, taya zikakaza, basi. Wa kwanza alimtazama mchana kutwa hata akamjua ukucha kwa ukucha, na alipokwisha kuzikwa kucha zile zikabaki machoni mwake mwaka mzima. Wa pili na wa tatu aliwatazama vivyo hivyo, maana mtu hajifunzi haraka katika jambo kama hilo. Ndiyo sababu safari hii Bi Mwanaharusi alipomwambia asimtazame mtoto, hakuliona sharti hilo kuwa kali. Aliliona rahisi kuliko mengine.

Shauri lake alikuwa amelikata mapema, mimba ikiwa changa bado. Juma hilo likija, hatalia. Machozi alikuwa nayo tele, ila aliona kuwa mara tatu aliyatoa mapema na mara tatu hayakumfaa mtu. Safari hii atacheka, na asipoweza kucheka atanyamaza, na mtoto ataishi. Alisema hivyo hivyo, ataishi, bila kuongeza neno. Wanawake waliomsikia waliinamisha nyuso zao na kujitia wanachambua mchele.

Aliyepinga alikuwa mumewe, Mfaume. Mfaume alikuwa mkwezi katika minazi ya Bi Sihaba, na hakuwa na neno na mambo ya jaani. Neno lake lilikuwa juu ya mnunuzi. Mama yake Mfaume alinunuliwa kweli, si kwa mchezo, na baba yake Bi Sihaba. Aliletwa hapa kisiwani akiwa msichana, na alikufa pale pale shambani bila kurudishwa kwa mtu. Mfaume alisema Baleni nzima imejaa wanawake, kwa nini mtoto wake apitishwe mlango ule ule. Bi Mwanaharusi, ambaye ni shangazi yake, akamjibu kuwa mnunuzi sharti awe mwanamke asiyezaa na asiyezika, na kijijini yuko mmoja tu. Kinachowachukua watoto hakiijui njia ya nyumba yake. Mfaume akaenda zake minazini, lakini kwa uso wa mtu ambaye hakukubali.

Basi Kidawa, hata damu haijamtulia, akajizoazoa akaenda kwa Bi Sihaba kuomba kazi. Ndivyo mchezo unavyotaka. Alipanda baraza la nyumba ya mawe akishika ukuta, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza kwamba yeye ni mwanamke mwenye maziwa na amesikia Bibi ameokota kitoto.

Bi Sihaba alikuwa mrefu, mwenye pua ya Kimanga, mjane wa miaka mingi, na Baleni ilimjua kwa mambo mawili: hakuwahi kumdhulumu mtu nazi moja, wala hakuwahi kumsamehe mtu nazi moja. Alimtazama Kidawa toka utosini hata nyayoni. Akamuuliza kama ni mwizi. Kidawa akasema si mwizi. Akamuuliza kama ni mtu wa kulala sana. Kidawa akasema kulala anakupenda, ila bado hajapata nafasi. Hapo Bi Sihaba akageukia ukuta kidogo, na alipogeuka tena uso ulikuwa mkavu kama kwanza. Akasema kazi ameipata.

Kazi yenyewe ilikuwa na taabu ambayo Kidawa hakuifikiria. Mwanamke aliyezaa hukaa ndani siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akadekezwa hata akachoka kudekezwa. Yaya hana haki hiyo. Yaya hulala ukumbini juu ya mkeka, akiitwa anaamka. Jioni ya kwanza kiuno kilimuuma hata akashindwa kujigeuza, akalala chali akiyatazama maboriti ya dari huku akiwaza jinsi juma lilivyo refu. Alijua fikira hizo huishia kwenye machozi, kwa hiyo akapiga moyo konde na kusema jambo la kwanza lililomjia.

Alisema amesikia kwamba katika nyumba za wakubwa yaya hukandwa kwa maji ya moto kila siku, kwa vile mtoto ananyonya mwilini mwake, na mwili mchafu huchachua maziwa. Alilisema hilo akitazama dari, hana hili wala lile. Bi Sihaba, aliyekuwa chumba cha pili na mtoto, akajibu kuwa hata yeye amesikia hivyo, akamtuma mtu amwite Bi Mwanaharusi aje amkande yaya.

Baada ya hapo wakaelewana. Asubuhi Kidawa akalalamika kuwa maziwa yamekuwa mepesi, huenda ni kwa sababu ya muhogo mtupu. Bi Sihaba akasema mayaya wa siku hizi ni walafi, akachinja kuku. Kidawa akasema kuku ni mzuri ila uji usio na pilipili manga humtia usingizi, na yaya aliyesinzia anaweza kumwangusha mtoto wa watu. Pilipili manga ikatoka kabatini pamoja na lawama. Kila alichokihitaji mzazi kilipatikana, mradi kiombwe kama ujeuri wa mtumishi na kitolewe kwa manung'uniko. Bi Mwanaharusi alikuwa akitoka pale jioni akifunika mdomo kwa ukaya, na akifika kwake anacheka peke yake.

Unyonyeshaji ulikuwa na taratibu zake. Bi Sihaba humleta mtoto, humweka kifuani kwa yaya, hufunika leso, na yaya hutazama mlango. Mtoto akimaliza, Bi Sihaba humchukua. Kidawa alimjua kwa uzito wake na kwa namna alivyovuta. Alimjua kwa pumzi zake pia, maana alikuwa na pumzi ya haraka na kigugumizi kidogo mwishoni. Zaidi ya hapo hakumjua. Mara moja leso ilitaka kuteleza, akaikamata kwa meno.

Wageni walikuja, kama wanavyokuja penye mzazi, ingawa hapa hapakuwa na mzazi. Chiku, jirani yake, alikaa ukumbini asubuhi nzima na uso wa matanga. Alishusha pumzi, akavuta kamasi, akashusha pumzi tena. Mwisho akasema kwa upole kuwa Kidawa asijali sana, Mungu atampa mwingine. Chiku hakuwa mbaya, alikuwa mwanamke mwenye huruma aliyezoea kuifikisha mapema. Kidawa akamuuliza mwingine wa nini, yeye ameajiriwa, anakula kuku kila siku, na kama Chiku ana maziwa na aende akatafute kifuu chake, hiki kimekwisha pata mtu. Chiku akajikusanya akaenda akiwaambia watu njiani kwamba Kidawa ameanza kupotewa na akili. Labda hakukosea sana, ila ilikuwa akili aliyoipoteza kwa makusudi.

Hivyo zikapita Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Ni rahisi kuzitaja kwa mkupuo mmoja. Kidawa alizipita moja moja, na kila jioni alisema kimoyomoyo kuwa imebaki kidogo.

Jumanne asubuhi Bi Sihaba alimleta mtoto kama kawaida, akamweka, akafunika leso. Kidawa akatazama mlango na kungoja kuvutwa. Hakuvutwa. Akangoja tena. Alihisi joto la shavu kwenye ngozi yake, na halikuwa joto la jana.

Akauliza kama mtoto ana homa. Bi Sihaba akajibu kuwa anayo kidogo tu. Huyu ni mwanamke ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpunja mtu wala kumzidishia, na neno lile kidogo lilimtoka kwa shida hata Kidawa akajua moja kwa moja kuwa ni uongo. Hofu ilikuwa ile ile, aliijua kama anavyoijua njia ya kisimani. Alitaka kuitupa leso na kutazama, na alijua akitazama ataona nini, na akikiona atapiga ukelele, na mchezo utakuwa umekwisha.

"Bibi," akasema, "kinywa kinafunguka?"

Bi Sihaba akajaribu kwa kidole.

"Kinafunguka."

Wale watatu vinywa vyao havikufunguka. Kidawa alilishika hilo kwa mikono miwili. Akasema kama kinafunguka basi kazi ipo, akaomba kibakuli. Akajikamua humo, kidogo kidogo, maziwa yakichuruzika na mengine yakimwagika mkekani, akampa Bi Sihaba kibakuli pamoja na kipande cha pamba, akamwambia achovye na kumdondoshea mtoto ulimini. Bi Sihaba akasema mikono yake haijui kazi hiyo. Kidawa akasema itajua. Yeye mwenyewe akageuka akaelekea ukutani, paji la uso kwenye chokaa.

Kutwa nzima wakawa hivyo. Kidawa anakamua, Bi Sihaba anadondosha. Kidawa anauliza kama amemeza, Bi Sihaba anasema amemeza, au anasema bado, au anasema yametoka pembeni, na hapo wanaanza tena. Kuna wakati Bi Sihaba alinyamaza, na Kidawa aliposikiliza akatambua kuwa mwenye nyumba analia. Alikuwa akilia vibaya, kama mtu ambaye hakuwahi kufundishwa. Akasema amwite Mwalimu Muhidini aje asome Yasini. Kidawa, uso wake ukiwa ukutani bado, akamwambia Bibi asimharibie kazi. Tangu siku ya harusi yake hakula kuku namna hii, na Kifuu akiondoka yeye atarudi kwenye muhogo. Bi Sihaba alitoa sauti ambayo ilianza kuwa kilio ikaishia kucheka, akachovya pamba tena.

Habari hazikai. Zilikuwa zimekwisha fika minazini, na jua likiwa kichwani Mfaume akaja. Alikuja na kamba yake ya kukwelea bado begani, akasimama mlangoni pa nyumba ambayo tangu utoto wake hakuwahi kuvuka kizingiti chake, akasema kwa sauti kubwa neno ambalo juma zima watu walikuwa wanalizunguka.

"Nipeni mwanangu."

Ndani pamba ikasimama hewani. Kidawa akainuka. Hakujua miguu iliyombeba ilitoka wapi. Akatoka mpaka barazani, akasimama kati ya mume wake na mlango.

"Mkwezi," akasema, "hapa hakuna mwana wako."

"Kidawa."

"Mimi ni yaya. Bibi yuko ndani na mtoto wake."

Mfaume akasema kwa chini, si kwa ukali, kwamba amezika watatu wasio na majina, na hataki kuzika wa nne hivyo. Anataka ampe jina la baba yake, Matano, sasa hivi, kabla hajaenda. Tena hataki aondokee katika nyumba hii. Wa kwao mmoja aliyefia mikononi mwa nyumba hii anatosha.

Kidawa aliyasikia yote, na hakuna lililokuwa la uongo. Angetaka kuweka kichwa chake pale penye kamba, begani, na kulia mpaka jioni.

"Huyo Matano simjui," akasema. "Atakuja Alhamisi, na wewe utakuwepo umpokee. Humu ndani yumo Kifuu tu, na Kifuu anakunywa maziwa. Ukilisema tena lile neno mlangoni hapa nitakuchukia, Mfaume, na mimi sitaki kukuchukia. Nenda ukakwee."

Mfaume alimtazama kama anamtafuta mtu nyuma ya uso ule. Kisha akageuka. Alasiri ile aliangua nazi katika minazi ambayo zamu yake haijafika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kidawa akarudi ndani akijikokota kwa ukuta, akakaa chini, akashika kibakuli.

"Amemeza?" akauliza.

"Amemeza," akasema Bi Sihaba.

Usiku wa kuamkia Jumatano hauna haja ya kusimuliwa. Ulikuwa ni mchana ule ule uliokosa mwanga. Asubuhi joto lilikuwa limeshuka, wakaogopa kulisema. Karibu na adhuhuri Bi Sihaba, ambaye sasa alikuwa na maziwa yaliyokauka mpaka kwenye viwiko, alimweka mtoto kifuani kwa yaya kwa majaribio tu, akafunika leso. Kidawa akatazama mlango. Akavutwa. Alivutwa kwa nguvu hata akajikunja, kisha ikaja ile pumzi ya haraka na kigugumizi chake. Alipoweza kusema alimwambia Bi Sihaba kwamba leo yaya angependa samaki badala ya kuku, na Bi Sihaba akamjibu kuwa hajapata kuona mtumishi asiye na haya kama huyu, akaenda kuwasha moto mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Baleni nzima ilikuwa jaani. Wakwezi walikuja na kamba zao, Chiku alikuja akiwa amekwisha kusahau uso wa matanga, Mwalimu Muhidini alipitia pale kwa bahati na akakaa kwa bahati. Mfaume alisimama pembeni kidogo. Jani jipya la mgomba lilikuwa limetandikwa juu ya makumbi. Kidawa alikaa mahali pa mama, upande wa pili wa majivu, mikono mapajani, macho chini.

Bi Sihaba akaja na mtoto akiwa amefungwa gubigubi. Akamlaza kwenye jani. Kilichobaki kilikuwa chepesi. Mnunuzi husema kitu hiki ni kibaya, sikitaki, kimenichosha, basi. Maneno yenyewe watoto wa kijiji wanayajua. Pasipo maneno hayo mtoto hajarudishwa, na mama hana ruhusa ya kumgusa.

Bi Sihaba hakusema.

Watu wakangoja. Mtu akakohoa. Bi Sihaba alikuwa amesimama wima juu ya jani la mgomba, mikono yake bado imekunjwa kama amebeba. Kidawa akaona miguu ya Mfaume inasogea hatua moja. Alijua anachowaza, kwa kuwa hata yeye alikuwa anakiwaza: nyumba ile, na msichana aliyeingizwa humo asirudi. Kidawa aliogopa kuliko Jumanne. Jumanne alikuwa na la kufanya, leo hana. Alikaa tu, na kwa mara ya kwanza katika juma lile hakupata neno hata moja la mzaha.

"Huyu ni mbaya," Bi Sihaba akasema mwishowe.

Watu wakashusha pumzi. Walidhani amemaliza, lakini alikuwa anaanza. Alizungumza taratibu, macho kwa mtoto, kama anayetoa ushahidi mbele ya kadhi.

"Sikio lake la kushoto limekunjika juu. Kisogoni nywele zake zimefanya mizunguko miwili, na mtu mzima ana mmoja. Akilala hufumba ngumi moja, nyingine huiacha wazi, na ukimfumba hiyo ya pili hufumbua. Akipiga chafya hupiga mbili, ya tatu humshinda. Ana alama nyekundu chini ya kidevu, huwezi kuiona mpaka umwinue. Akishiba hukunja uso kama aliyedhulumiwa. Amenikesha, amenilowesha, ameitia mikono yangu kazi isiyoijua." Akakunjua mikono. "Simtaki. Anayemtaka amwokote."

Akageuka akaanza kwenda zake, akiwa amenyooka kama siku zote, ila alipita pasipo na njia, katikati ya mihogo ya watu.

Kidawa hakuinuka mara moja. Alikuwa amesikia habari za mtu asiyemjua. Sikio, chafya, alama ya kidevuni, yote hayo yalikuwa kifuani kwake juma zima chini ya leso, naye alikuwa akitazama mlango. Bi Mwanaharusi akamgusa bega. Basi akatambaa juu ya majivu, akamwokota mtoto, akakaa pale pale naye, akafungua nguo.

Akamtazama. Akaanza na sikio, kwa sababu ndilo lililotajwa kwanza. Lilikuwa limekunjika kweli. Akalinyoosha kwa kidole, likajikunja tena, na hapo machozi yote aliyoyaweka tangu mimba changa yakamtoka kwa pamoja, mbele ya watu, bila aibu yoyote. "Mwanangu," alisema. Mfaume alikuwa amekwisha piga magoti karibu naye, akiita Matano, Matano, kwa sauti ndogo ya kujaribu kama jina linamkaa.

Kidawa akamwinua mtoto atafute ile alama chini ya kidevu. Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, machozi yakamzuia, hakuiona. Akainua kichwa. Leso ya Bi Sihaba ilikuwa imekwisha fika mwisho wa mihogo.

"Bibi," akaita. "Bibi, siioni. Njoo unionyeshe."

Bi Sihaba alisimama. Alikaa amewapa mgongo muda ambao watu waliona ni mrefu. Kisha akarudi kwa njia ile ile isiyo njia, akapiga magoti majivuni kando ya Mfaume, akamtia mtoto kidole chini ya kidevu, akamwonyesha mama yake.